Mama Asha, Nimeiunguza Sahani Yako

Mama Asha,

Assalamu alaykum. Ijumaa nilikuja kaburini kukusalimia, lakini nilikuwa na mwanetu Asha, nikashindwa kukwambia haya mbele yake. Ndiyo nakuandikia.

Nimeitia sahani yako kwenye maikrowevu. Ile nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, uliyopewa na mama yako tulipooana.

Unanijua. Jikoni nilikuwa mgeni miaka yote. Asha alipokuletea ile maikrowevu, ulinieleza namna ya kuitumia mara mbili, tatu, nami nikitikisa kichwa tu. Nilijua wewe upo. Sasa Asha hunipikia kwake Kiembe Samaki, akaniletea chakula kimegawanywa kwenye vibakuli vya mtu mmoja mmoja. Mtu mmoja. Hilo bado sijalizoea.

Jumanne mchana nilichoka na vibakuli vya plastiki. Nikataka nile kama watu. Nikaishusha sahani yako kabatini, nikapakua wali na mchuzi wa samaki changu, nikaiingiza, nikabonyeza. Mara cheche, ta-ta-ta, na harufu ya kuungua. Nilikwita. "Mwanaisha!" Kwa sauti, kama uko chumbani. Halafu nikasimama pale nikikungoja.

Aliyekuja ni jirani yetu, Bi Salma. Akaizima, akachomoa waya ukutani.

"Bwana Haji, chombo cha chuma au chenye nakshi ya dhahabu hakiingii humu!"

Sahani haikuvunjika, lakini ukingo umekuwa mweusi nusu nzima. Nimeusugua, hautoki.

Asha alipopata habari alikuja mbio. "Baba, basi. Utahamia kwangu."

Kwake kuzuri, wajukuu wapo. Lakini kanga yako bado imetundikwa nyuma ya mlango, na mimi sijaweza kuitoa. Nikamwambia, "Nifundishe kwanza. Nikikosea tena, nitahama." Akafuta machozi, tukaingia jikoni.

Safari hii nimesikiliza. Foili isiingie. Mfuniko nisiukaze, niuache wazi kidogo mvuke upate kutoka, na nikifunua niweke uso mbali. Yai zima la kuchemsha nisilipashe, litaniripukia. Chakula nikikoroge katikati ya kupasha, maana pembeni huchemka na ndani kikabaki baridi. Na nisiiwashe ikiwa tupu.

Nilipokuwa namsikiliza, nikakumbuka ni yayo hayo uliyonambia wewe, umesimama papo hapo, mikono ina unga. Ulisema yote. Mimi ndiye sikuwepo.

Nisamehe kwa sahani. Kwa kutokukusikiliza, sijui hata niombeje.

Leo nimepasha mwenyewe, kwenye bakuli la kigae lisilo na nakshi. Nilikuwa nimekaa ukumbini ilipolia kuwa tayari, nikaitika, "Naam?" Nikanyanyuka kabla sijakumbuka kuwa hakuna aliyeniita. Nikala. Nshakula, nimeosha bakuli, na alasiri yote bado iko mbele yangu.

Mungu akunawirishie ulipo, mke wangu, nami anipe subira. Alhamisi Asha anakuja, nimemwambia asibebe kitu, nitamwandalia mimi. Nakuahidi nitamuuliza habari zake, nami nitakaa kimya mpaka amalize.

Mumeo,
Haji