Nyota Niliyoifuta

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Eldoret tuko salama. Mvua imeshika, na babu yako anakohoa lakini bado anabishana na redio.

Ujumbe wako umeniharibia wiki. Unasema huko Cape Town wamekuonyesha kwa darubini nyota moja yenye ukungu karibu na Msalaba wa Kusini, kumbe ni mamilioni ya nyota zimesongamana. Unauliza kama niliwahi kuiona.

Niliiona kwa macho haya nikiwa darasa la sita kule Turbo. Mwalimu alituambia tuchore nyota za jioni. Nikachora Msalaba, na kando yake ile nyota, nikaisugua kwa kidole ipate ukungu wake. Siku hizo kifutio chetu kilikuwa kipande cha patipati, ndala ya mpira, na kilichafua kila karatasi. Mwalimu akadhani ukungu ule ni uchafu wa kifutio hicho.

"Futa hilo doa."

"Mwalimu, hiyo ni nyota."

"Nyota gani imekaa kama doa? Uliiona wapi, na kwenu hata taa hakuna?"

Darasa zima likacheka. Niliiona kwa sababu hatukuwa na taa! Lakini jibu hilo lilinijia nikiwa nimeshazeeka. Siku ile nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na si kwa mwalimu peke yake. Mkono uliofuta ulikuwa wangu, na nilijua ninachofuta.

Jana jioni nilitoka nikaangalia kusini, upande wa Timboroa. Iko palepale.

Nichoree, mama. Na utumie kalamu ya wino.

Kukhu wako