Gari la Ardith Lililonyamaza

Saginaw, Machi 6

Kwako Corinne, mpwa wangu niliyekubeba mabegani,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Sisi huku wazima, ila theluji imetuzingira. Juzi nimeifukua kwa koleo kutoka mlangoni hadi barabarani, nikamkuta mbwa wa jirani ameganda humo tangu Krismasi. Nikampasha moto kidogo, akaenda zake anatikisa mkia. Muulize Dewey, rafiki yangu wa gereji, alikuwepo.

Unalalamika kwamba sipokei simu. Simu za siku hizi zimeharibika, Corinne. Kila mtu humo ndani ananong'ona. Masikio yangu mazima kabisa. Umesahau kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasikia valvu iliyolegea kwenye gari lililo ng'ambo ya mto? Andika tu barua, ni heshima zaidi.

Mama yako, Ardith, yupo palepale kwenye nyumba ya wazee. Nyonga imeunga, kichwa ndicho hakikuunga. Jumapili mimi, mdogo wake wa tumbo moja, aliniita padri, nikambariki. Lakini lile gari lake la bluu, GTO ya mashindano, hajalisahau. Siku nzima ni hilo tu: "Gari langu liko wapi? Nani kalichukua?" Manesi wanamwambia lipo gereji kwa Verlon. Haupiti muda anaanza tena, anatikisa vitasa vya milango akilitafuta, mpaka analia.

Wazo lako nimelipenda. Siku ya msafara wa magari ya zamani, mwezi wa Agosti, tumkalishe ndani yake, ajue ni lake, aache kulitafuta. Tatizo ni kwamba gari la mwaka 1967 linarusha kama farasi, na ndani ni tanuri. Mgongo wa Ardith hautavuka geti. Niachie mimi. Nitalifanya liwe kitanda.

Mjomba wako,
Verlon


Tucson, Machi 20

Shikamoo Mjomba,

Natumaini kifua kimepoa na unakula chakula cha moto, si soseji za kopo mbele ya televisheni. Mimi na watoto hatujambo. Huku joto limeshaanza.

Nashukuru kwa kukubali. Nilipokuja mwezi wa kwanza Mama alinishika mkono akaniuliza kama mimi ndiye niliyemwibia gari. Sijalala vizuri tangu siku ile. Mimi akinisahau nitavumilia, lakini asife akidhani ameibiwa.

Ombi langu ni dogo. Mwekee kiti laini na kiyoyozi, basi. Usiguse mengine. Lile gari alilinunua kwa jasho lake la kiwandani, akalishindanisha kila Jumamosi na wanaume waliokuwa wanamcheka, na wengine hawakucheka tena. Mwenyewe alikuwa ananiambia alishinda mbio mimi nikiwa tumboni.

Na tafadhali nenda kwa daktari wa masikio.

Mpwa wako,
Corinne


Saginaw, Juni 14

Kwa Corinne, asiyemwamini mjomba wake,

Salamu nyingi, na busu kwa watoto. Afya yangu ni ya chuma. Wiki iliyopita jeki iliteleza, nikalishikilia gari kwa goti mpaka Dewey akamaliza sandwichi yake.

Sasa kaa chini usome. Kiti nimeweka, cha ngozi, kinapasha mgongo joto. Kiyoyozi nimeweka. Lakini kazi ya fundi haikatwi katikati, kwa hiyo nimeendelea. Springi mpya na shokapu mpya. Breki za diski magurudumu yote. Usukani sasa unazungushwa kwa kidole kidogo. Klachi nimeitoa, gia zinajibadilisha zenyewe. Na injini ile ya zamani nimeing'oa, iko chini ya turubai. Nimeweka injini ya kisasa inayoongozwa na kompyuta, nguvu mara mbili, haina kabureta, haimwagi mafuta, haikohoi asubuhi. Mabomba ya moshi nayo mapya.

Dewey alizunguka gari akitafuna kijiti chake. Akaniambia, "Verlon, umemtengenezea dada yako gari la kistaarabu la daktari wa meno."

Nikamwambia, "Wewe nyamaza, trela lako lenyewe linasimama kwa kugonga mti."

Nimeweka kikombe cha kahawa juu ya boneti, injini inawaka, kahawa haikutikisika! Ilibidi nishike chuma ndiyo nijue kama inawaka.

Rangi sijaigusa. Bluu yake ileile.

Mjomba wako, fundi wa mafundi,
Verlon


Saginaw, Agosti 20

Mpendwa Corinne,

Hujambo, na safari ya kurudi ilikuwaje? Mimi bado naelea. Uliona? Niambie kama uliona! Mji mzima umejipanga na viti vyao kando ya barabara, watoto na aiskrimu zao, na mimi kwenye usukani, Ardith pembeni yangu na kitambaa chake chekundu kichwani, ametulia kama malkia. Hakuguna hata mara moja. Hakuhangaika na kitasa. Wewe uliyekaa nyuma ulikuwa unainama kuzungumza naye, nikasema moyoni, anamweleza binti yake habari za mbio.

Wanaume wazima walivua kofia. Mmoja kutoka Ohio alitaka kubadilishana nami gari kwa nyumba yake, na mke wake ndani. Nikamwambia kwanza nimwone mke.

Umeondoka haraka mno. Nilikuwa nimetoa supu ya kabichi kwenye friji.

Mjomba wako,
Verlon


Tucson, Agosti 29

Shikamoo Mjomba,

Tumefika salama. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nimejaribu kujibu nikashindwa. Ningeweza kukuacha na furaha yako, lakini jana wamenipigia simu kutoka nyumba ya wazee, kwa hiyo lazima nikwambie.

Mama alitulia kwa sababu alidhani yuko kwenye teksi.

Ulipowasha gari alisubiri. Nilimwona ameegemeza kichwa, anasubiri. Akanigeukia akaniuliza, "Huyu dereva hawashi gari?" Nikamwambia limeshawaka, Mama, tunaondoka, hili ni gari lako. Akacheka kwa adabu kama anavyocheka na wageni. Akasema, "Hapana, mama. Langu linaongea." Mkono wake wa kulia, ule wa kubadilishia gia, ulivuka upande wa pili ukapapasa katikati ya viti, ukatafuta ile gia yenye kichwa cheupe, haukuikuta, akaukunja mapajani. Njia nzima alikuwa ananiuliza tutafika saa ngapi mahali lilipo gari lake.

Tuliporudi alikwambia, "Asante, dereva." Wewe ulimbusu kwenye paji la uso. Hukusikia, Mjomba. Hukusikia lolote siku ile, na gari lile halina sauti, nawe hukujua.

Jana wamemkuta amefika hadi maegesho na nguo ya kulalia, anatafuta.

Mpwa wako,
Corinne


Tucson, Oktoba 17

Mjomba, shikamoo,

U mzima? Hujanijibu tangu Agosti. Dewey anasema hufungui mlango. Niliandika kwa uchungu, na ukali haukukufaa. Najua ulifanya kwa mapenzi.

Sasa wale wa nyumba ya wazee wananiambia kuna mzee alikuja na trela, akapiga kelele mpaka polisi wakaitwa. Wameniuliza kama namfahamu. Nimesema ndiyo.

Umefanya nini?

Corinne


Saginaw, Novemba 2

Mpwa wangu Corinne,

Salamu. Nipo. Nimepungua kidogo, suruali zinanipwaya, lakini nipo.

Hao polisi walikuwa wawili, mmoja nimemfundisha kuendesha, kwa hiyo tulimalizana vizuri. Usiamini ukiambiwa nilipigana nao.

Nilichofanya ni hiki. Nilitoa injini ya zamani chini ya turubai, nikaifunga kwenye fremu ya chuma juu ya trela la Dewey, na rejeta, betri, dumu la petroli, na yale mabomba yake ya zamani yenye matundu. Injini tupu bila gari. Nikaivuta hadi chini ya dirisha la Ardith, nikaiwasha.

Mimi nilishika chuma kwa kiganja, nikatazama juu. Kwanza pazia, kisha yeye. Nikaongeza mafuta kwa mkono, na Corinne, mkono wake wa kulia ukashuka kwenye ukingo wa dirisha ukaanza kubadilisha gia. Moja. Mbili. Kila mtetemo ulipofika pale kiganja kinapoanza kuwashwa, yeye alikuwa ameshabadilisha. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye mstari wa mbio.

Nikapunguza. Akakunja uso, akagonga kioo, akanyanyua kidole akakizungusha hivi, kama anafunga skrubu. Midomo yake nilifahamu inasema nini, kwa sababu imenisema hivyo maisha yote: "Petroli imezidi, bwege wewe." Nikatoa bisibisi nikafunga skrubu ya kabureta kidogo. Akatingisha kichwa, bado. Nikafunga tena. Akaitikia.

Kule kwenye mbio hapakuwa na valvu niliyoisikia mimi. Ardith alikuwa anasikia, mimi nazungusha skrubu tu.

Manesi wakamtoa dirishani. Wanasema usiku ule hakutafuta gari.

Sasa nairudisha injini mahali pake. Na klachi, na ile gia ya kichwa cheupe. Kiti laini nitakiacha. Theluji ikiyeyuka nitamfunga blanketi, nimzungushe mtaa mmoja tu. Njoo.

Mjomba wako,
Verlon


Saginaw, Februari 23

Kwako Corinne,

Natumaini mmefika salama na watoto hawajashikwa na mafua ya huku kwetu.

Siku ya mazishi ya mama yako hukuingia gereji. Nilikuona umesimama kwenye barafu pale mlangoni, halafu ukarudi kwenye gari la kukodi. Sikulaumu. Ardith angengoja wiki sita zaidi angelikalia. Daktari anasema ni mapafu. Nesi wake ameniambia siku za mwisho alikuwa analala mkono wa kulia nje ya blanketi, na hakuuliza gari liko wapi, alikuwa anauliza Verlon yuko wapi na bisibisi. Hakuna aliyeniita. Labda walipiga simu.

Gari limekamilika. Kila Jumapili nafungua mlango wa gereji, naliwasha, naweka viganja vyote viwili kwenye boneti. Linatetemeka. Dewey anasimama pale akitafuna kijiti chake na kuniambia liko sawa, lakini Dewey hatofautishi sauti ya gari na ya kinu cha kahawa. Mimi nazungusha skrubu, natazama dirisha la jikoni, narudisha nilipoitoa.

Wewe ulikuwa tumboni mwake akishinda. Ulisikia kabla ya kuzaliwa.

Barabara zikikauka njoo, mwanangu, unisikilizie.

Mjomba wako,
Verlon