Moyo Ukutani

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, mama bado anakohoa, ila anakula. Ule moyo uliotuchorea kwa rangi ya kupuliza kwenye ukuta wa darasa ndio ninaofundishia sayansi, na pembe za herufi ulizoandika kando yake tunazipima wakati wa hesabu.

Jana aliingia askari anayemsaka mchoraji wa kuta za mjini. Nikasema ni mimi. Akanipa kopo la rangi.

"Basi chora tuone."

Nikapuliza, mstari ukaenda kombo.

Akawauliza watoto mmoja mmoja. Wote arobaini, waliokuona ukichora kwa macho yao, wakajibu, "Ni mwalimu."

Ameondoka, lakini atarudi. Wewe usije kwanza. Nimewafundisha mengi kwa ukuta ule, uongo sikukusudia.

Dada yako