Sufuria ya Volti Mia

Namdae, Uisong
3 Oktoba 1987

Mwanangu Myong-suk,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta salama huko Gumi, wewe na mkwe wangu Ki-tae, na kwamba kikohozi chako kimekwisha. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto. Niwie radhi kwa kukuchosha macho kwa barua. Simu iko kwa mkuu wa kijiji peke yake, na kila neno linalosemwa pale husikilizwa na watu saba.

Tarehe ishirini umeme wetu utabadilishwa kutoka volti mia kwenda volti mia mbili na ishirini. Kila nyumba imepewa transfoma moja ya kuushusha umeme kwa ajili ya vyombo vya zamani. Jirani yangu, Mama wa Yechon, anayo moja ya friji. Yangu nimempa kwa ajili ya televisheni yake. Mkuu wa kijiji akanicheka mbele ya watu: "Mzee Bae, kwa adabu hizo utawapa hata wezi funguo!" Nilimvumilia.

Mimi siihitaji, kwani nimepiga hesabu. Sufuria ya umeme aliyoiacha mama yako imeandikwa chini: volti 100, ampea 6. Hizo ni wati 600. Ukigawanya 600 kwa 220, unapata ampea 2.7. Mkondo umepungua, na hatari imepungua. Tarehe ishirini na moja wazee wa kanisa watakuja kwenye ibada ya kumkumbuka mama yako, nami nitawapikia wali humo, kama alivyowapikia yeye.

Baba yako


Gumi
8 Oktoba 1987

Baba mpendwa,

Nakuinamia kwa heshima kutoka huku mbali. Kikohozi kimekwisha, sasa naumwa kichwa, na barua yako ndiyo sababu. Niliisoma kiwandani wakati wa chakula. Miaka kumi na moja nasokota waya za majiko ya umeme, Baba!

Sufuria haijui kusoma kilichoandikwa kitakoni pake. Ndani haina wati 600. Ina waya, na waya una ukinzani wake. Volti 100 gawanya kwa ampea 6: ukinzani wa omu 16.7. Huo ndio unaobaki vilevile. Sasa isukume kwa volti 220. Gawanya kwa 16.7, ni ampea 13.2. Zidisha tena kwa 220: wati 2,900! Karibu mara tano. Ki-tae anasema, "Baba mkwe hapiki wali, anayeyusha chuma."

Nenda kwa Mama wa Yechon ukaichukue transfoma yako. Ulipounguza godoro kwa pasi mwaka jana tulikubaliana: kosa moja zaidi la umeme, naja na lori, nyumba inafungwa, unahamia kwangu. Sitanii.

Binti yako


Namdae
14 Oktoba 1987

Mwanangu,

Pole kwa kichwa. Hapa tu wazima. Nimeyapokea maneno yako kwa unyenyekevu, ingawa ni makali. Niruhusu kusema kwamba karatasi tuliyogawiwa pamoja na transfoma inaeleza wazi: volti zikipanda, mkondo hupungua. Naye mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kuwa nguvu ni volti mara mkondo, na alituchapa mpaka tukaikariri.

Hata hivyo nimetii. Nimekwenda kwa Mama wa Yechon mara tatu. Lakini kitu nilichokitoa kwa mikono miwili, nitakidai kwa mkono upi? Mara ya kwanza, kabla sijafungua kinywa, akasema, "Umekuja kutazama televisheni, mzee? Kaa, kaa!" Nikakaa. Mara ya pili akanipa fungu la vitunguu saumu. Mara ya tatu akaniongezea mengine mawili: "Usione haya. Mgane naye ni mtu, lazima ale."

Sasa nina mafungu matatu ya vitunguu saumu, na transfoma sina.

Baba yako


Gumi
17 Oktoba 1987

Baba,

Salamu nyingi, haraka haraka. Karatasi inasema juu ya vyombo vilivyotengenezwa kwa volti 220. Waya zake zina ukinzani mkubwa. Mwalimu wako hakukosea, ila wewe umeishika hesabu mkiani. Wapikie wazee kwa kuni. Nakuomba. Kichwa bado kinauma.

Binti yako


Namdae
22 Oktoba 1987

Mwanangu,

Naomba uwe umeketi unaposoma haya. Mwili wangu ni mzima.

Barua yako ilifika juzi. Niliisoma mara mbili, nikaiweka chini ya Biblia, na jana asubuhi nikachomeka plagi.

Mwanzoni nilifurahi, maana maji yalichemka kwa kasi nisiyopata kuiona. Dakika ya nne ukatoka moshi, ukafuata mlio kama wa mjeledi, kisha kimya. Wali wa chini ulikuwa mkaa. Wa juu, mbichi. Niliifukia sufuria nyuma ya nyumba, nikawasha kuni. Wazee walikula. Mmoja akasema, "Wali una moshi kidogo, kama enzi za vita!" Wakacheka, wakaongeza.

Hakuna aliyeona. Ningeweza kunyamaza, na siku nzima nilinyamaza. Lakini sufuria ilikuwa ya mama yako, nami siwezi kukudanganya juu yake. Hesabu yako ni sahihi, yangu siyo. Lori na lije utakapopenda. Unisamehe.

Baba yako


Gumi
30 Oktoba 1987

Baba mpendwa,

Nashukuru u mzima. Nililia kwa hasira, kisha nikalia kwa jambo jingine. Ki-tae alikwisha kupata lori, nimemwambia asubiri. Mtu anayejishtaki mwenyewe kwa posta, na stempu kainunua mwenyewe, sijui nimfanye nini!

Nimekununulia sufuria mpya. Imeandikwa volti 220, wati 1,000. Ampea hawakuandika. Siitumi mpaka unijibu: ukinzani wake ni omu ngapi? Ukipata, baki kwako. Ukikosa, lori linakuja Jumamosi ya tarehe 14. Usimuulize mtu.

Binti yako


Namdae
6 Novemba 1987

Mwanangu,

Tu wazima, goti pia. Nimefanya peke yangu, mlango umefungwa, Mama wa Yechon akibisha nje.

Safari hii naruhusiwa kuanza na wati, kwa kuwa chombo kimetengenezwa kwa volti hizi hizi zetu. 1,000 gawanya kwa 220: ampea 4.545. Volti 220 gawanya kwa ampea hizo: omu 48.4.

Nimehakiki kwa njia ya pili: 220 mara 220 ni 48,400, gawanya kwa 1,000. Ni 48.4 tena.

Tena, kama mtu angeichomeka sufuria hiyo kwenye volti mia za zamani, ingetoa wati 207 tu, na wali usingeiva hadi jioni. Hilo hukuniuliza. Niwie radhi.

Baba yako