Slabu ya Gikondo Bado Mbichi

Mzee wangu Karoli,

Naogopa. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke. Tangu tukuzike, lile ghala tunalojenga Gikondo limebaki mikononi mwangu, mimi Verediana wako uliyenifundisha kupanga ujenzi, na kesho asubuhi patroni, bosi wetu, anataka niamuru miti inayoshikilia slabu, ile dari ya zege, iondolewe.

Zege bado bichi, Mzee. Lori la saruji lilizuiliwa kwenye bariyeri ya wenye silaha barabarani, tukamwaga juzi tu. Lakini ule ubao wako wa misumari na nyuzi, uliotuonyesha kazi ipi inasubiri ipi, umeshushwa ofisini. Patroni amebandika karatasi ya mistari, kila kazi na mstari wake, tarehe zimepangwa juu. Sisemi ni mbaya. Mgeni anaielewa mara moja, hata mimi niliifurahia. Ila kazi ya kumwaga zege ilipochelewa, mstari wake ulisogezwa, na ule wa kuondoa miti ukabaki palepale, kesho. Hakuna kilichofunga mmoja na mwingine. Kwenye ubao wako ungesogeza msumari mmoja, uzi ukavuta wa pili, kila mtu akaona.

Patroni si mtu mbaya. Naye anaogopa. Anataka kukabidhi ghala, achukue watoto wake, aondoke mjini. Nilimwambia tusubiri, akaniuliza, "Tusubiri mpaka nani afe?" Mafundi wengine hawaji tena, na wanaokuja hawataniani, hata Sipriyani aliyekuwa akikutania kwa kofia yako. Hao ndio watakaoingia chini ya slabu ile, nayo inaweza kuwaangukia.

Kila asubuhi ulipita ukimwuliza kila mmoja, "Wewe, unamsubiri nani?" Seremala akimtaja mwashi, mwashi akitaja lori, unafuata hivyo hivyo mpaka mwisho wa uzi. Tulikucheka, eti mzee wa maswali. Jamani, leo ningelipa chochote nilisikie swali lako.

Basi nakuahidi. Kesho nitafika kabla yao, nisimame chini ya slabu, niwaulize mmoja mmoja swali lako mpaka wote wajibu kwamba wanasubiri zege. Anayetaka kugonga mti na agonge nikiwa palepale. Patroni akinifukuza, anifukuze miti ikiwa imesimama.

Pumzika, Mzee wangu. Na huko uliko, wakikuuliza unamsubiri nani, tafadhali usinitaje bado.

Verediana