Kompyuta Inayonisikia Mimi Tu

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Najua karatasi hii imeshikwa na Dada Salima, na wewe umekaa mkekani umemgeuzia sikio kama unavyofanya siku hizi. Dada, nawe shikamoo. Msomee polepole, na ukifika mahali pa kunicheka usiparuke.

Mnaendeleaje huko Newala? Macho yamekuwaje tangu mvua ziishe? Mikorosho imeshapuliziwa dawa, au bado mnamsubiri yule jirani mwenye mashine, ambaye kila mwaka huanza na mashamba ya shemeji zake? Mimi ni mzima wa mwili. Kuchoka nimechoka, sitakuficha, maana nikisema kwenye simu kwamba niko salama unaniuliza nimekula nini.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu unaniuliza swali moja tu, "Unakuja au huji?", nami nabaki kukohoa. Mjomba Nanjota alikuja kufuata mzigo wa duka lake na anarudi kesho. Nimemwomba anibebee jibu pamoja na sababu zake.

Dada aliniambia hospitali imekupangia siku ya kuondolewa mtoto wa jicho, na kwamba umewajibu hulali kwenye kitanda chao mpaka mimi niwe nimesimama karibu. Akasema daktari hakupenda, kwa kuwa jicho la kushoto kila likisubiri linazidi kuwa gumu. Nilikuwa kwenye ngazi za dukani nilipoyasikia hayo. Nikakaa palepale, wapagazi wakawa wananipita na maboksi yao huku wakinitukana.

Siku hiyohiyo nikamwendea Haji, mwenye duka.

"Haji, shikamoo."

"Marahaba. Umeshanisalimia asubuhi. Unataka nini?"

Nikamweleza habari zako. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake.

"Mama ni mama," akasema. "Nenda. Nani amekufunga kamba?" Kisha akaitazama meza yangu. "Ila hicho kidude chako nacho kinakwenda Newala? Maana wewe ukienda msalani tu, wateja wanasimama hapa kama wanangoja maiti itoke ndani."

Mama Zawadi, anayehudumia kaunta, akadakia. "Haji, ile kompyuta ni mume mwenye wivu. Inamsikia mwenyewe tu. Mimi juzi niliigusa ikaniwekea giza."

Watu wakacheka. Haji hakucheka. Alisema siku Mama Zawadi atakapoweza kukaa pale mchana kutwa, akatoa mizigo yote bila mimi kuwepo na bila kunipigia simu, ndiyo siku nitakayopata ruhusa. Ikishindikana, basi mama asubiri. "Macho hayakimbii," akasema, na akarudi kwenye hesabu zake.

Ngoja nikueleze hicho kidude, Mama, usije ukadhani nimejificha nyuma ya mashine. Duka letu linauza kwa jumla vipuri vya cherehani: sindano, bobini, mikanda, miguu. Kila mzigo unaotoka lazima uandikwe kwenye kompyuta na uchapwe karatasi, ndipo wapagazi wautoe stoo. Kompyuta ya duka ilikufa kwa virusi vilivyoletwa na flashi za wateja, nami kwa kutaka kupendwa nikaleta yangu niliyotoka nayo chuoni. Imezeeka. Ili iweze kwenda niliiwekea Linux, mfumo ambao rafiki yangu wa chuo alinionyesha. Uzuri wake unakuachia upange kila kitu unavyotaka mwenyewe. Ni kama kupewa nyumba isiyo na kuta za ndani ukaambiwa, haya, gawa vyumba. Ubaya wake ni huohuo.

Na mimi unanijua. Tangu mdogo nilikuwa nikifunga mlango narudi kuutikisa. Basi kila nilipopata hofu nilibadilisha kitu. Umeme ulikatika, orodha ya siku nzima ikapotea. Nikaipanga ihifadhi kazi yenyewe bila kuniuliza. Mteja mmoja aliinama akasoma bei aliyouziwa mwenzake. Nikaipanga ijifunike giza nikiiacha kidogo tu. Jasho la vidole lilifanya mshale urukeruke. Nikakizima kile kibao cha kugusa, nikawa naendesha kila kitu kwa vitufe. Vipicha vya kubofya nikaviondoa kwa kuwa viliilemea. Halafu kitufe cha herufi A kikafa. Niambie wewe, Dada, Kiswahili bila A kinaandikwaje? Nikaihamishia A kwenye kitufe cha pembeni nisichokitumia. Kila badiliko lilikuwa dogo, na lilikuwa na akili siku lilipofanywa. Baada ya miaka, mtu mwingine akikaa pale anakuta kioo cheusi na kistari kimoja kinapepesa. Basi.

Ni kama jiko lako, Mama. Chumvi kwenye kopo la maziwa nyuma ya mtungi, kiberiti juu ya boriti, mwiko umechomekwa ukutani mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kutafuta. Dada akihamisha kitu kimoja, ugomvi mpaka jioni.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Mama Zawadi alivuta kiti, akasema bismillahi, akaweka miwani.

"Yusufu, hapa niko wapi?"

"Bonyeza hiki na hiki kwa pamoja, mama."

"Nimebonyeza. Giza."

"Sasa andika neno 'mzigo'."

"Naandika wapi, mwanangu, na mimi niko kaburini?"

Alipofika kwenye sindano, akabonyeza A na kioo hakikuandika kitu, ikabaki 'sindno'. "Imeimeza," akasema. Fundi mmoja wa Buguruni aliyekuwa anangoja mikanda akagonga kaunta. "Mama, niandikie hata kwa mkaa, mradi niondoke." Haji aliniita, na mimi nikarudi kitini nikaitoa mizigo yote kwa kasi niliyoizoea, huku natamani ardhi inimeze. Sitasema uongo, Mama, kwamba hakukuwa na sehemu ndogo ya moyo wangu iliyofurahi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikibomoa. Kila mchana, watu wakienda kula, mimi nabaki na kompyuta yangu narudisha kimoja kimoja. Vipicha nimevirudisha. Kibao cha kugusa nimekiamsha. Nimeichomekea kibodi nyingine kwa waya, ya mitumba, ili A irudi kwao. Kazi hii haichoshi mikono, inachosha kichwa, kwa sababu kila ninachokiondoa nakumbuka hofu iliyokileta, na hofu hairudi ilikotoka kwa kuwa tu umeifungulia mlango.

Na kuna mistari niliyoiandika zamani nisiyojua tena niliiandika kwa nini. Unaikuta imekaa tu ndani ya faili la mipangilio. Nilifuta mmoja nikijua ni takataka. Kesho yake asubuhi printa haikuchapa hata karatasi moja. Wateja walijaa mpaka kwenye ngazi, wapagazi wakakaa juu ya mikokoteni yao wakipiga soga, na mimi nikawa nabonyeza vitufe ovyo mpaka Mama Zawadi akanisukumia kikombe cha chai. Niliurudisha ule mstari, printa ikanguruma. Ndipo nikakumbuka: printa yetu huchelewa kuamka, na mstari ule ulikuwa unaiambia kompyuta iisubiri kidogo. Niliuweka mwenyewe, nikausahau mwenyewe. Tangu hapo kando ya kila mstari ninaoubakiza naandika upo kwa ajili gani, kwa Kiswahili cha kawaida, ili yeyote akiukuta asiufute kama nilivyofanya mimi. Maelezo hayohayo nimeyanakili kwenye karatasi niliyoibandika ukutani juu ya meza.

Shomari, ninayeishi naye chumba kimoja Buguruni, anaona nimerogwa. "Wewe umesoma halafu huna akili," anasema. "Hapa Bongo ukimwonyesha mtu ufunguo, kesho unamkuta amelala kitandani kwako. Mama Zawadi yupo pale tangu wewe unanyonya. Haji atakulipia nini?" Nililala na maneno yake, nikaamka nayo. Ni kweli sina kingine pale dukani, Mama. Sibebi mzigo, sijui kupatana bei, nikisemeshwa kwa ukali nasahau jina langu. Nilichokuwa nacho ni kile kistari kinachopepesa.

Siku ya mtihani Haji alinifukuza asubuhi. "Toka. Nenda mbali nisikuone, na simu iwe mkononi." Nikatembea mpaka Mnazi Mmoja, nikakaa kwenye ukingo wa uwanja. Palikuwa na watu wanafunga turubai la mkutano, na muuza kahawa akipita na birika lake. Simu niliiweka gotini. Haikulia. Nikaangalia kama ina chaji, ipo. Kama ina mtandao, upo. Nikanunua kahawa, ikapoa mkononi. Kadiri ilivyokaa bila kulia, ndivyo nilivyoona ruhusa inakaribia na kazi inaondoka, zote kwa njia moja, na sikujua niombe nini.

Hapo ndipo jiko lako lilinirudia, Mama. Nilikuwa najiuliza kwa nini mtu apange vitu vyake hivyo, kila kitu mahali pa kufikiwa na mkono, na akasirike kikisogezwa hata kidogo. Nikakumbuka ugomvi ule ulianza mwaka ule ulipoacha kushona mikeka ukasema umechoka na ukindu. Hukuwa umechoka na ukindu. Ulikuwa umeanza kutoona. Ukapanga chumvi na kiberiti kwa kupapasa, kimoja kimoja, ili sisi tusijue, na sisi tukakuita mkali. Nilikaa pale mpaka turubai likafungwa lote. Sikulaumu, Mama. Nimerithi kwako, ndilo ninalotaka kusema.

Nilirudi jua limeelekea magharibi. Mama Zawadi alikuwa kitini pangu, miwani puani, anapokea karatasi inayotoka kwenye printa. Herufi kazikuza mpaka zinasomeka kutoka mlangoni. Nyuma ya vipicha kaweka picha ya mjukuu wake kavaa gauni la Idi. Nilisimama nikaitazama kompyuta yangu kama mtu anayekuta mwanawe kanyolewa na jirani.

"Umechelewa," akasema. "Nilikwama mara moja tu. Nikasoma pale ukutani ulipoandika, 'usifute, printa inachelewa kuamka'. Nikaingoja. Ikaamka."

"Kwa hiyo umeweza, mama."

"Nimeweza kidogo. Msalimie mama yako. Na mwambie mwanawe anaogopa mno, ananitia huruma."

Haji alifunga daftari lake. "Haya, nenda kwa mama yako," akasema. "Kompyuta ibaki."

Nilitaka kumwambia kompyuta ni yangu. Nilitaka kumuuliza kama nikirudi nitakikuta kiti. Nikasema, "Ahsante, Haji," nikashuka ngazi. Labda alimaanisha ibaki ili kazi iendelee, labda alimaanisha ibaki yenyewe, mimi niende nisirudi. Nimelichambua neno hilo siku nzima na sijapata jibu. Nikirudi nitajua.

Basi jibu la swali lako ni hili: nakuja. Mjomba akishawafikishia barua hii, nami nitakuwa njiani. Mwambieni daktari nitakuwepo pale kitandani, na watakapokufunga kitambaa mkono wangu hautatoka kwenye wako. Watakapokifungua utaniona nimekonda. Usianze na hilo mbele ya watu.

Nisalimieni shemeji yangu, mume wa Dada, na mwambieni baiskeli yake nitaiazima kama zamani. Salamu kwa Bibi mzaa baba, na kwa Mama Mdogo wa ng'ambo ya kisima, aliyekuwa akinificha nikikosa. Mtoto wa Dada mbusuni. Nilimwacha hajaota meno.

Dada, jambo moja, na hili msomee Mama kwa sauti. Siku za hospitali mimi ndiye nitakayempikia. Mtu asipange jiko upya kwa ajili ya kunirahisishia. Kopo la chumvi liachwe nyuma ya mtungi, palepale alipoliweka. Nitalipapasa.

Mimi mwanao,
Yusufu