Maji Yanayonuka Kidogo

Mpendwa Papa Masika,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu azunguke na salamu. Ulitaka aseme shida yake kwanza, ndipo apewe kiti. Basi nimekaa. Ni Jumapili, misa imekwisha, sare za shule za binti yetu Masika zimelowa upya kwenye kamba kwa mvua hii ya Butembo isiyojua siku ya Bwana, na mimi niko mezani na kalamu nyekundu ya kusahihishia kwa kuwa ya bluu imekauka. Usije ukadhani kila neno hapa ni kosa.

Nimechoka kupanda kilima cha Vulamba na bidoni, dumu la maji, mkononi. Nimechoka kusikia kila asubuhi nani amekimbia vita na ametoka wapi. Nimechoka kuwa baba na mama kwa msichana ambaye sasa ananipita kwa urefu na anajibu kama wewe, kwa swali. Lakini wiki hii uchovu wangu ulikuwa wa namna nyingine, na huo nakuletea mwenyewe, maana ni wako. Darasani tulifika kwenye somo la kusafisha maji.

Unakumbuka neno la kwanza uliloniambia? Hukuuliza jina langu, hukuuliza habari. Ulisimama mlangoni pa darasa langu kule Mangina, mikono myeusi mpaka viwiko, ukasema: "Madame, uko na kipande ya kikwembe ya zamani?" Nilidhani umejikata. Kumbe ulikuwa umekata kitako cha bidoni la manjano, umeligeuza kichwa chini liwe chujio la maji, na ulikosa kitambaa cha kufunga mdomo wake. Nikakupa pindo la kikwembe changu cha kufutia ubao. Mama yangu alizoea kusema kwamba ndoa yetu ilichujwa kabla ya kufungwa.

Siku ile nilikuja kuchungulia, si kwa ajili ya sayansi, Mungu ananiona. Ulikuwa umewapanga watoto wa darasa la sita kama mafundi: hawa wanatwanga makala, yale makaa ya kupikia, wale wanaosha mchanga, wengine wanachagua kokoto. Mchanga waliuosha mpaka wakanuna. Makala chini, mchanga juu yake, kokoto mwisho, kisha ukamimina maji ya mtoni yaliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sote tukainama. Maji ya kwanza yakatoka meusi kuliko yalivyoingia, darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kuwapita wote.

"Muache kwanza," ulisema, bila kuona haya. "Filtre inaanza kujiosha yenyewe."

Nawe ulisema kweli. Ukamimina tena na tena, weusi ukaisha, mpaka bakuli likajaa maji ya kuonea uso. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha kikombe. Ukamshika mkono. "Bado. Maji yenye kungaa ni sawa mutu mwenye kuvaa muzuri. Hauyamujua bado." Neno hilo lilitembea Mangina nzima. Wasichana walilitumia kwa wachumba wao, na hata mimi nilikupima nalo muda mrefu, ingawa wewe suruali yako haikuwahi kuwa na pasi.

Lakini somo lako nililolipenda zaidi lilikuwa la harufu. Ulileta kakao iliyokwisha kuchacha, ukaificha chini ya meza na kufunga madirisha, ukawaambia kila mmoja ainue mkono harufu itakapomfikia. Mikono ikainuka safu ya mbele, halafu ya kati, halafu ya nyuma, polepole, kama waumini wanaosimama kwa Injili mmoja mmoja. Ukawauliza ni nini kilichotembea. Wakasema hewa. Wakasema upepo. Yule msichana wa kikombe akauliza habari ya uzito: "Mwalimu, donc harufu iko na kilo?"

Ulifurahi mpaka ukakaa juu ya meza. "Iko na kilo! Kidogo sana, mais iko nayo. Harufu ni kitu, sawa jiwe, sawa maji. Kama umeisikia, ujue kipande yake kimeisha kuingia ndani yako." Watoto wakafunika pua zao. Nilisimama nje ya dirisha nikakupenda, nalisema hivyo hivyo.

Kisha ukaja ule ugonjwa unaoambukiza kwa kugusana. Jirani yetu alianguka uani kwake, wewe ukambeba mgongoni mpaka zahanati, kwa sababu hukuwa mtu wa kutazama. Hakuna aliyejua bado alichokuwa nacho. Baadaye nawe ukaugua, wakakupeleka hospitali ya Beni. Nilikuona kupitia ukuta wa plastiki wa chumba cha waliotengwa, nikaweka kiganja changu pale na wewe ukaweka chako upande wako, na sauti yako ilikuwa imebaki nyembamba. Mke mwingine angeambiwa neno tamu. Wewe uliniuliza: "Batoto ya sita beko karibu na examen. Nani anabashika?" Nilikudanganya kwamba wana mwalimu.

Walikuzika watu waliovaa nyeupe, nami nilisimama mbali nilipoambiwa nisimame. Wakarudi nyumbani wakanyunyizia kuta, kitanda, mlango, hata kizingiti, ile chlore, maji makali ya kuua vijidudu. Mashati yako yakachomwa. Mto wako ukachomwa. Walipoondoka nilizunguka vyumba nikikutafuta kwa pua, Papa Masika, kama mbwa. Hukuwamo. Harufu iliyobaki ilikuwa moja tu, ile ya chlore, na kwa somo lako mwenyewe vipande vyake vilikwisha kuingia ndani yangu.

Tangu siku ile chlore haijakanyaga nyumba yangu. Bunduki zilipotutoa Mangina tukakimbilia huku, nikachemsha maji, nikachemsha, makala yakaisha nikaazima, majirani wa Vulamba wakanitania kwamba Mama Masika anapika maji kwa sababu hana mboga. Niliwaacha wacheke.

Sasa sikiliza ya wiki hii. Darasa langu la sita lina watoto wa hapa na watoto wa waliokimbia, wengi wa upande wetu. Wanateka maji kwenye chemchemi ya bondeni ambayo mvua ikinyesha inapokea kila kitu kutoka vyoo vya mlimani. Tukatengeneza chujio lako. Bidoni, kikwembe, makala, mchanga, kokoto. Maji ya kwanza yakatoka meusi, wakacheka, nikasema neno lako. Kisha yakang'aa. Nikawaonya wasinywe, nikasema pia lile la mtu aliyevaa vizuri, lakini sina mkono wako. Nilipogeuka walikunywa. Siku iliyofuata madawati yalikuwa na mapengo. Kahindo, binti mmoja mwenye maneno mengi kuliko redio, alilala nyumbani akiharisha mpaka macho yakazama. Amepona, mshukuru Mungu. Lakini wenzake bado walitamani yale maji, kwa kuwa walikuwa wameyatengeneza kwa mikono yao na yalikuwa mazuri kuyatazama. Nilijua wakiachwa hivyo watayanywa tena, na safari nyingine huenda mmoja asirudi. Chujio linaondoa kinachoonekana. Kisichoonekana kinahitaji chlore.

Mkurugenzi wa shule akanipa chupa ya chlore. Niliipokea kwa ncha za vidole. Nikawaambia wanafunzi: "Kesho tutatia dawa mu maji."

Mume wangu, ningekuwa na wewe ungenikanyaga mguu. Dawa! Kwa watu wetu! Asubuhi nilikuta mama zao mlangoni, wamejifunga vikwembe kiunoni kama watu waliokuja kazini. Mbele alikuwa mama yake Kahindo.

"Mwalimu, dawa ya nini? Batoto beko bagonjwa wote?"

"Hapana, mama. Ni chlore, ya maji."

"Tunaijua ile. Tuliiona kwetu. Kwenye ilipita, mutu alikuwa amekufa. Hapana kutia ile kitu mu kinywa ya mutoto yangu."

Wengine wakaitikia. Kalamu ninayo, diploma ninayo, jibu la kitabu ninalo lote, lakini pua yangu ilikuwa upande wao. Nikafanya kilichonijia. Nikafungua kile kifuniko mbele yao. Miaka yote hii, Papa Masika, na ikanipiga palepale. Nikasema: "Mama Kahindo, hata miye. Hii harufu ndiyo ya mwisho mu nyumba ya bwana yangu. Mashati yake hapana, mto wake hapana. Ni hii tu."

Mmoja nyuma akasema taratibu, "Pole, mama." Nikawaambia waingie wakae, wakabanana kwenye madawati na watoto wao, magoti juu.

Nikatia matone kwenye maji yaliyochujwa, nikafunika, tukangoja nusu saa. Katika kungoja nikawafundisha somo la kakao, bila kakao. Nilipofunua, mama Kahindo alikuja akainama kwenye ndoo.

"Inanuka bado."

"Kidogo?"

"Kidogo."

"Ndivyo inafaa inuke kidogo," nikamwambia. "Ile ingine imeisha juu ya kupigana na uchafu. Kama hainuke hata kidogo, ujue uchafu umeimaliza yote, uongeze matone. Mais hii kidogo yenye imebaki, ndiyo yenye inalinda."

Nikajisikia nikisema hivyo. Ikabidi nikae kwenye dawati la kwanza, kati ya watoto wawili. Somo hili nimelijua tangu chuo cha ualimu, nimelisoma kwenye kitabu mara nyingi, na sikuwa nimelisikia. Machozi yalinitoka mbele ya darasa na sikuyafuta haraka. Uchovu nao una haki yake.

Kisha nikachota kikombe nikanywa, mimi wa kwanza. Yalikuwa na ladha ya nyumba yetu siku ile. Nikayamaliza. Mama Kahindo akanitazama koo mpaka tone la mwisho, akakichukua kikombe kutoka mkononi mwangu, akachota, akanywa nusu, akashika tumbo lake kama anayelisikiliza. Halafu nusu iliyobaki akampa binti yake. Kahindo akanusa, akauliza kwa sauti ya darasa zima: "Mwalimu, hii harufu iko na kilo?"

Sikukaa juu ya meza kama wewe. Nilisema tu, iko nayo.

Hayo ndiyo niliyotaka ujue. Batoto ya sita wana mwalimu. Safari hii si uongo. Bado nimechoka, na kesho kuna kilima kilekile na bidoni lilelile. Masika ananiita nile. Juu ya meza kuna jagi la maji niliyoyatia matone asubuhi, mara ya kwanza katika nyumba hii. Yananuka kidogo. Nimeacha mlango wa chumba cha kulala wazi, harufu ifike na huko.

Lala, baba. Tumekunywa.

Mkeo,
Mama Masika